Sura ya Tano: Deni la Sindano

Abdel Halim Hafez, mwimbaji wa Misri ambaye nyimbo zake ziliwafikia hata mashabiki wa taarab wa Zanzibar, alifariki London mwaka 1977 akiwa na miaka 47. Ini lake lilikuwa limeharibika, na shina la maradhi yake lilikuwa kichocho alichokipata utotoni kijijini.

Kichocho kiliwatesa wakulima wa bonde la Nile kwa vizazi vingi, na serikali haikukaa kimya. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahudumu wa afya waliwadunga wanavijiji dawa ya antimoni kwenye mshipa, sindano kumi na kadhaa kwa kila mgonjwa. Mabomba yalikuwa ya vioo. Yalitumika kwa huyu, yakachemshwa upesiupesi, yakatumika kwa yule. Ndani ya damu ya baadhi yao alikuwemo mgeni asiyejulikana: kirusi cha homa ya ini aina ya C, ambacho wanasayansi walikitambua mwaka 1989 tu. Kampeni iliyokusudiwa kuponya ikaeneza ugonjwa mwingine, kijiji hadi kijiji.

Jina la ugonjwa huu huwapotosha wengi. Anayesikia "homa" husubiri joto la mwili na kutetemeka, ilhali mtu anaweza kuishi na aina ya C miaka 20 au 30 akilima, akizaa na kufanya biashara bila dalili yoyote. Siku tumbo linapojaa maji na macho kugeuka manjano, ini limeshasinyaa, au saratani imeshaanza.

Mwaka 2008 utafiti wa kitaifa wa Misri ulikuta dalili za kuambukizwa katika damu ya asilimia 14.7 ya watu wa miaka 15 hadi 59. Ni kama mtu 1 katika kila 7, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingine yoyote. Kamati ya taifa ya kudhibiti homa ya ini ilikuwa imeundwa tangu 2006, lakini dawa ya wakati ule, interferoni, ilikuwa ya sindano kwa karibu mwaka mzima, ilidhoofisha mwili, na wengi hawakupona.

Kisha vikaja vidonge. Mwishoni mwa 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvir, dawa ya kumeza kwa wiki 12, na bei yake huko ikawa dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja. Misri iliingia kwenye mazungumzo ikiwa na mamilioni ya wagonjwa nyuma yake, ikatoka na bei ya dola 900. Ofisi yake ya hataza iliikatalia dawa hiyo ulinzi, viwanda vya nyumbani vikaanza kuitengeneza, na gharama ikazidi kuporomoka hadi chini ya dola 100. Watu walijiandikisha kwa intaneti kwa namba ya kitambulisho, wakapangiwa kituo.

Kufikia katikati ya 2016 foleni ilikwisha. Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, penye fundisho kubwa kuliko hata la bei. Dawa zilikuwepo, madaktari walikuwepo, vituo vilikuwa wazi, na wagonjwa hawakuonekana. Waliojijua walikuwa wameshatibiwa. Waliobaki walijiona wazima, na anayejiona mzima hapangi foleni hospitalini.

Ikabidi taifa liwafuate. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, kwa kutumia daftari la wapiga kura, watu wazima milioni 62.5 waliitwa kupimwa mkoa kwa mkoa. Vipimo vilifanyika hospitalini, katika vituo vya vijana, misikitini na makanisani. Tone moja la damu ya kidoleni lilitosha, na jibu lilitoka hapohapo. Aliyefika alipimwa pia sukari na shinikizo la damu, jambo la busara, maana hata asiye na kirusi hakurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa miezi saba walipimwa watu milioni 49.6, na milioni 2.2 kati yao walionekana kuwahi kuambukizwa. Waliothibitishwa kuwa bado wanacho kirusi walipewa vidonge bure, na miongoni mwa wale ambao matokeo yao ya tiba yalijulikana, asilimia 98.8 walipona. Kampeni nzima ilikula takriban dola milioni 207, sehemu yake ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitunukia Misri hadhi ya dhahabu, ya kwanza duniani kwa nchi iliyo njiani kuitokomeza aina ya C. Asilimia 87 ya wenye kirusi walikuwa wamegunduliwa, na asilimia 93 ya hao wametibiwa. Miongoni mwa vigezo ni usalama wa damu inayoongezwa na wa kila sindano inayochomwa.

Kusini zaidi, Rwanda ilizindua mpango wake wa miaka mitano Desemba 2018. Huko nako kirusi kimejikita zaidi kwa wazee, na huko nako kazi ilianza kwa kuwatafuta: lengo lilikuwa kupima watu milioni 4 wenye umri wa kuanzia miaka 15.