Ubingwa wa Taifa Ufike na Kilosa

Chesi haina upepo wala jua la usoni. Kila mchezaji anapewa kete 16 na muda sawa kwenye saa, na aliyecheza nyeupe raundi hii, ijayo hupangiwa nyeusi kadiri inavyowezekana. Hakuna penalti ya kubishaniwa wala bao la mkono. Mtoto wa mkulima wa Rudewa, Kilosa, akikaa mbele ya mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, ubao hauulizi nani alikuja kwa usafiri gani. Ni michezo michache yenye haki ya namna hiyo. Kinachonisumbua ni kilichotokea kabla hawajakaa: nani amefika mezani, na nani amebaki nyumbani.

Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari wilayani Kilosa, na jioni nakaa na kikundi cha wanafunzi wanaocheza chesi. Mchezo wa vijiweni huku ni drafti: wazee chini ya mwembe, visoda juu ya ubao, na watazamaji wanaoongea kuliko wachezaji. Wanafunzi wetu wengi walianzia hapo. Ubao wetu wa kwanza tuliuchora kwenye kipande cha silingibodi, miraba 64 kwa rula na maka. Kete zikawa visoda vilivyogeuzwa, ndani yake duara la karatasi lenye herufi: M ya mfalme, F ya farasi, N ya ngome, karatasi nyeupe kwa upande mmoja, ya kaki kwa upande wa pili. Kuandika michezo hakukuwasumbua, kwa kuwa grafu wanaijua. Safu ni a hadi h, mistari ni 1 hadi 8, na ukisema farasi kaenda f3 kila mtu anajua yuko wapi.

Mashindano makubwa ya chesi huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza, nusu ya juu ya orodha hukutana na nusu ya chini. Baada ya hapo wenye pointi sawa hukutanishwa, na wa kwanza kwa pointi ndiye bingwa. Orodha yenyewe hupangwa kwa alama za ubora, ambazo wachezaji huziita retingi. Hesabu yake ilibuniwa na Arpad Elo, Mmarekani mzaliwa wa Hungary, na shirikisho la chesi la dunia, FIDE, likaanza kuitumia mwaka 1970. Ukimfunga aliyekuzidi alama unapanda sana; ukifungwa na uliyemzidi unashuka.

Mtego uko kwenye kuzipata hizo alama kwa mara ya kwanza. Lazima ucheze angalau michezo mitano na watu ambao tayari wanazo, katika mashindano yaliyosajiliwa na kusimamiwa na mwamuzi mwenye leseni. Kilosa nzima tunaweza kucheza kuanzia asubuhi hadi usiku, tukafungana tunavyofungana, na kwenye vitabu vya FIDE isiandikwe hata nukta. Wenye alama wanaishi mjini, na alama hupatikana kwa kucheza nao. Mwisho wake, orodha ya ubora ya taifa inageuka kuwa orodha ya wanaoishi karibu na ukumbi.

Mikumi, wilayani kwetu, iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, na mgeni anaweza kudhani kufika Dar kwenye mashindano ni kupungia basi mkono tu. Ni safari ya karibu kilomita 300, na sehemu yake inakata katikati ya hifadhi, ambako dereva anapunguza mwendo kwa ajili ya tembo na twiga. Raundi ya kwanza ikianza saa 3 asubuhi, mtoto lazima awe amelala Dar usiku wa kuamkia siku hiyo. Anayetoka kata za Malolo au Ulaya, hukuhuku Kilosa, ana safari nyingine kabla ya hiyo. Jumlisha nauli, chakula, malazi na ada ya ushiriki, kisha uzidishe kwa mbili, maana mwanafunzi hasafiri peke yake.

Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma pale Mikumi aliniambia, "Mwalimu, nauli nitakopa kwenye kikoba. Ila mwanangu atalala wapi?" Sikuwa na la kumjibu lililomridhisha. Wavulana walipata pa kulala kwa mjomba wa mmoja wao, Mbagala. Binti yake akabaki, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafunga wote. Umbali unawaumiza wengi, lakini unaanza na wasichana.

Na wanaofika, hawafiki sawa. Kijana wetu mmoja alikuwa na ushindi mkononi, ngome mbili dhidi ya moja. Akasogeza kete, akakunja mikono, akasubiri. Hakubonyeza saa, kwa sababu saa ya chesi aliiona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Dakika zake zikaisha huku akidhani mwenzake anafikiri. Mwamuzi alifuata sheria na sina ugomvi naye. Sheria ilikuwa moja kwa wote wawili, ila mmoja aliizoea na mwingine alikuwa anatambulishwa kwake.

Wengi wakizungumzia chesi na umaskini hutaja Phiona Mutesi wa Uganda, binti wa Katwe aliyefundishwa na Robert Katende, akaichezea nchi yake Olimpiadi ya chesi mwaka 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na hadithi yake ikawa filamu mwaka 2016. Ni hadithi ya kweli na nawasimulia wanafunzi wangu. Lakini tuisome vizuri. Katwe imo ndani ya Kampala. Mtoto maskini wa mji mkuu ana njaa na ana shida ya ada, lakini ukumbi wa mashindano uko jirani. Mtoto maskini wa Mikumi ana njaa na shida hiyohiyo, na juu yake ana kilomita 300.

Nchi zilizokuwa kubwa katika mchezo huu hazikuuacha ukae mji mmoja. Umoja wa Kisovyeti uliuzungusha ubingwa wake. Mwaka 1958 fainali zilichezwa Riga, Latvia, na aliyeshinda ni kijana wa palepale Riga, Mikhail Tal, aliyekuwa ametwaa ubingwa huo mwaka uliotangulia kule Moscow. Mwaka 1960 akawa bingwa wa dunia. India, katika mashindano yake ya vijana, kila jimbo huchuja wachezaji nyumbani na kupeleka waliochaguliwa. Anayetoka mbali anaingia akiwa na tiketi ya jimbo lake.

Najua jibu la upande wa pili. Chesi haina mapato ya mlangoni, wadhamini wako Dar, waamuzi wako Dar, na nafasi za mikoa zinaweza kuingiza wachezaji dhaifu. Hoja ya fedha ni ya kweli. Ya udhaifu haisimami, kwa sababu hakuna anayeomba kupewa fainali bure. Tunaomba mchujo uanzie kwetu. Wengine huniambia watoto wacheze kwenye simu, na kweli Lichess ni ya bure na inafundisha. Lakini bando si la bure, na michezo ya mtandaoni haikupi alama za FIDE za ubao wa kawaida.

Njia tunayo, tena ya siku nyingi. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, huwatoa watoto shuleni, wakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa, wakiwa na walimu, kambi na mahali pa kulala. Swali la yule mama lina jibu ndani ya mfumo huo. Chesi ya vijana ipite humo, kila mkoa uwe na nafasi yake katika fainali, na kila mkoa ufundishiwe walau mwamuzi mmoja.

Kuna la kuanza nalo hata kabla ya hayo. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inapita Kilosa ikienda Dodoma. Badala ya watoto wengi kwenda Dar, wachezaji watano wenye alama wapande treni pamoja na mwamuzi mwenye leseni, waje Kilosa. Tuwawekee vijana wetu watano, kila mmoja acheze na kila mgeni. Ni michezo 25. Kijana akiambulia hata nusu pointi, ana michezo mitano ya kuhesabiwa, na jina lake linaweza kuingia kwenye orodha. Darasa lipo, chakula wazazi watapika, na wageni watapata pa kulala. Naiomba meza inayopanga kalenda ya chesi nchini iweke jambo hilo kwenye kalenda ya mwaka ujao, kwa Kilosa na kwa kila wilaya iliyo mbali na ukumbi.