Jina la Mtu Ni Mali ya Wengi

Balambala iko kando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa. Wakazi wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia na mbuzi, na mgeni akiingia huko haitoshi ataje jina lake. Huulizwa babake, babu yake, na ukoo. Swali hilo ni zito, maana katika heer, sheria ya kimila ya Wasomali, kosa la mtu mmoja hulipwa na jamaa zake wote. Diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamume aliyeuawa kwa desturi ni ngamia 100, na wanaume wa ukoo huichangia. Mtoto aliyelelewa katika mila hiyo hujua mapema kwamba jina lake si lake peke yake.

Hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa Msomali anayependa mtu wa jinsia yake. Nyumbani hasemi. Akipata nafasi huhamia Garissa mjini, kisha mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na huenda siku moja akawafikia makuchu wa huko, kama wanavyojiita wenyewe watu wa mapenzi ya jinsia moja. Huko nako hukuta watu wenye desturi zao, na mojawapo ni kumheshimu zaidi aliyejitangaza. Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina alijitangaza kwa insha aliyoielekeza kwa mamake marehemu. Ulikuwa ushujaa mkubwa, na wengi walipata nguvu kwa ajili yake. Lakini kuufanya kipimo cha kila mtu ni kuwaonea wengine. Kijana wa Balambala akijitangaza, dada zake wanaosubiri kuposwa watalibeba neno lake, na ami zake wataulizwa kisimani. Kunyamaza kwake kuna mapenzi ndani yake, na anayemwita mwoga hajui anachokilinda.

Jambo la pili ni dini. Wengi katika jamii ya makuchu wameumizwa na mahubiri, na siwalaumu kwa uchungu wao. Ila uchungu huo humgeukia anayefunga Ramadhani, au mwanamke anayekuja kikaoni na hijabu yake, akaonekana kama mtu asiyejijua. Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town, alitumia miaka mingi kuwakusanya Waislamu wa namna hii waswali pamoja, mpaka alipopigwa risasi na kuuawa Februari 2025. Aliamini kwamba hakuna anayelazimika kuchagua kati ya sijda na nafsi yake. Namwamini.

Kisha wapo ambao hata kuitwa mashoga hawataki, nao wana haki. Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akahesabiwa mwanamume, alilishtaki baraza la mitihani la Kenya ili jina libadilishwe kwenye cheti chake, akashinda mwaka 2014. Mahuntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike kikamilifu, walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya Kenya ya 2019, wakafika 1,524. Kwao shehe wa Balambala hana haja ya kutafuta mbali: fiqhi ya Shafii, inayofuatwa na Wasomali na watu wa pwani, ina hukumu za urithi wa huntha. Wanazuoni wa kale walimwandikia fungu lake mtu ambaye hakuangukia upande wowote. Basi huntha asiyetaka kuhesabiwa pamoja na mashoga aachwe, wala asiambiwe kwamba amewasaliti wenzake.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba serikali ilikosea kuwanyima mashoga na wasagaji kusajili shirika lao. Kesi hiyo, iliyofunguliwa na Eric Gitari, ilikuwa imechukua miaka kumi. Vifungu vya sheria vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Haki ya kukusanyika iliyopatikana kwa taabu hivyo haifai kutumiwa kuwafukuza wengine mlangoni.

Ninyi mnaoongoza vikundi Nairobi na Mombasa, mpokeeni anayetoka kaskazini kama alivyo. Msimpige picha, wala msimtaje kwa mtu asiyemjua. Kwenye mikutano yenu tengeni saa ya swala, na mwezi wa Ramadhani andaeni futari.