Gari moja, majina manne

Hapa kitivoni «lisansi» ni shahada. Viwandani neno hilohilo la Kifaransa lina maana nyingine: ruhusa ya kuunda kitu kilichobuniwa na mwingine, kwa malipo na kwa masharti. Ruhusa hiyo ikivuka mpaka huzaa maneno pia, na umbo la neno huonyesha mpokeaji amejiweka wapi mbele ya mwenye mali.

Mfano wangu ni Alpine, gari dogo la mbio lililobuniwa na Jean Rédélé wa Dieppe, Ufaransa. Injini yake ya Renault iko nyuma. Bodi ni ya nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa plastiki, nayo hutolewa katika kalibu bila mashine kubwa za kukandamiza chuma. Kwa hiyo hata kiwanda cha magari machache kiliweza kuiunda.

Nchini Uhispania, kiwanda cha Valladolid kiliacha jina lilelile, Alpine. Huo ni ukopaji bila badiliko.

Meksiko, kampuni ya Diesel Nacional, yaani DINA, iliita gari lake Dinalpin. Bulgaria, mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaita lake Bulgaralpine. Yote mawili ni uhulutishaji, kama «chajio» kutoka «chakula cha jioni». Tuangalie mpangilio: mpokeaji ametangulia, mbunifu anafuata. Tena katika Dinalpin irabu «a» inatumikia pande zote mbili, na «e» ya mwisho imeanguka, kwa kuwa Kihispania kingeitamka.

Brazil ilikwenda mbali zaidi. Kampuni ya Willys-Overland iliuza gari hilo hadi 1966 kwa jina la Interlagos, uwanja wa mbio wa São Paulo. Alpine imetoweka kabisa. Lakini Interlagos, yaani «baina ya maziwa» kwa Kireno, ni jina lililofuata Interlaken ya Uswisi, lenye maana hiyohiyo. Ni tafsiri mkopo.

Sisi tunaotunga istilahi za Kiswahili nchini Kongo tuna njia hizohizo tatu: kukopa, kuhulutisha, kutunga. Mara nyingi nasikia wa tatu akisifiwa kuwa ndiye mzalendo, na mkopaji akionekana mvivu. Naona hoja hiyo ni dhaifu. Jina lililoonekana la Kibrazili kuliko yote lilibeba mkopo ndani yake, na Waingereza, Waarabu au Wafaransa hawajawahi kuomba radhi kwa maneno waliyokopa. Swali la kuuliza ni moja: neno hili, msemaji wa Lubumbashi au Bukavu atalitumia?