Je, Wajua? Jicho la Sato Husema Mengi

Je, wajua kwamba sato akionewa na wenzake, macho yake hubadilika rangi? Weka sato wawili wasiojuana kwenye tangi moja, papo hapo wataanza kutafuta nani mkubwa. Watafukuzana, watang'atana midomo, watapigana mikia, mpaka mmoja asalimu amri. Aliyeshindwa hujibanza pembeni, na ile sehemu ya jicho inayozunguka mboni huanza kuingia weusi. Mwaka 2003 watafiti wa Brazil, akiwamo Gilson Volpato, walionyesha kwamba weusi huo huenda sambamba na unyonge: mbabe wa tangi hubaki na jicho jeupe, na mnyonge lake huwa la giza. Kwa mfugaji hiki ni kipimo kisichotaka betri wala maabara. Wakati wa kulisha, samaki wakija juu kugombea chakula, waangalie wale wanaobaki nyuma.

Volpato na mwenzake walikuwa tayari wamegundua jambo jingine mwaka 2001. Sato aliyebanwa mahali finyu chini ya taa nyeupe au ya kijani, homoni yake ya msongo ilipanda. Chini ya taa ya buluu haikupanda.

Je, wajua kwamba kambale akipewa nafasi kubwa huweza kuwa mkorofi zaidi? Wakiwa wachache kwenye tangi, kambale hufukuzana na kuumana, lakini wakirundikana hutulia. Uholanzi huwafuga hata kilo mia kadhaa katika meta moja ya ujazo, na wanaishi kwa sababu kambale anaweza kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Samoni wa Norway angekufa kwa msongamano huo. Sheria ya huko hairuhusu kupita kilo 25 kwa meta ya ujazo, wala samaki zaidi ya 200,000 ndani ya kizimba kimoja. Kwa hiyo anayeuliza "bwawa langu liingie samaki wangapi?" aulizwe kwanza ni samaki gani. Hata hivyo, mimi sina haraka ya kusema kambale aliyerundikwa ana raha. Kutulia ni jambo moja, kuridhika ni jingine.

Vifaranga vya kambale ni habari nyingine kabisa: wakipishana ukubwa, wakubwa huwameza wadogo. Ndiyo maana wazalishaji huwachambua kila mara na kuwatenga kwa saizi.

Je, wajua kwamba bwawa lenye maji ya kijani lina saa mbili za hatari kwa siku, na hazifanani hata kidogo? Ya kwanza ni alfajiri. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua, lakini usiku nao huivuta pamoja na samaki, kwa hiyo kabla ya kucha ndipo oksijeni inapokuwa chini kuliko wakati wowote. Ukiwakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji wakitweta asubuhi, usidhani wanaomba chakula. Sato anaweza kustahimili oksijeni iliyo chini ya miligramu 1 kwa lita kwa muda mfupi, ingawa hula na kukua vizuri ikifika 4 au 5. Uvumilivu huo ndio unaomponza: kwa kuwa hafi, mwenyewe hudhani mambo ni shwari.

Saa ya pili ni alasiri. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huzalisha amonia, nayo huwa ya namna mbili, yenye sumu kali na isiyo na makali. Mchana kutwa mwani hunyonya kabonidayoksaidi, pH ya maji hupanda, na amonia huhamia upande wa sumu. Katika maji ya nyuzijoto 28 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 9 inapita theluthi. Maji ni yaleyale, chakula ni kilekile, na samaki wa saa kumi jioni anaungua matamvua ilhali saa mbili asubuhi alikuwa salama. Anayepima maji asubuhi tu hataliona hilo.

Asiye na kifaa ana mkono wake. Zamisha mkono bwawani, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, kijani kinatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu, acha kutia samadi, punguza chakula, ongeza maji mapya.

Mwenye vizimba ziwani hana nafuu hiyo, kwani maji si yake. Upepo ukiligeuza ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda na kuwakuta samaki wamefungiwa, hawana pa kukimbilia. Wafugaji wa Kisumu walilionja hilo mwishoni mwa mwaka 2022, samaki walipokufa kwa wingi vizimbani.

Je, wajua jinsi ilivyochunguzwa kama samaki huhisi maumivu? Mwaka 2003, huko Scotland, Lynne Sneddon na wenzake waliwachukua trauti, samaki wanaofugwa pia kwenye maji baridi ya Mlima Kenya, wakawadunga midomoni sumu ya nyuki au asidi ya siki. Samaki walianza kuyumba huku na huku, na waliodungwa asidi wakaisugua midomo yao kwenye changarawe za chini ya tangi. Pumzi zilienda mbio. Wenzao ambao hawakudungwa kitu cha kuumiza walirudi kula baada ya saa moja na ushei, lakini hawa walichukua karibu saa tatu. Walipopewa mofini, dalili zilipungua. Wako wanaopinga, kama Brian Key wa Australia, kwa hoja kwamba ubongo wa samaki hauna lile tabaka la nje tulilo nalo sisi. Hoja hiyo hainitoshi. Ndege naye hana tabaka kama letu, na sijaona anayesema kuku haumii.

Je, wajua kwamba samoni wengi wa kufugwa ni viziwi nusu? Vijiwe vya ndani ya sikio lao hukua kwa madini mepesi yasiyostahili, kasoro inayoonekana kwao mara 10 kuliko kwa samoni wa porini. Chanzo chake ni kukua haraka mno.

Je, wajua kwamba takwimu za ufugaji huhesabu samaki kwa tani, si kwa vichwa? Waliojaribu kukadiria idadi yenyewe walipata kati ya bilioni 78 na bilioni 171 waliochinjwa duniani mwaka 2019.

Je, wajua namna ya kutambua kama samaki bado ana fahamu? Mshike, mzungushe taratibu ubavu kwa ubavu, utazame jicho. Mwenye fahamu jicho lake hujirudi, likitafuta kubaki sawa na ardhi. Aliyezimia jicho hufuata kichwa tu. Samaki aliyeachwa afe kwa kukosa maji au kutupwa kwenye barafu huweza kuwa na fahamu kwa dakika kadhaa, akitapatapa, na kutapatapa huko humaliza nguvu ya misuli. Hukakamaa mapema, na minofu yake hulegea mapema pia. Pigo moja la rungu juu kidogo ya macho humzimisha papo hapo, likipigwa sawasawa. Kinachohitajika ni mtu mmoja zaidi siku ya kuvuna, na hapo ndipo wengi wanapokwama, maana mchuuzi ameshafika na pikipiki yake na anahimiza samaki wapimwe.