Mutoto na Meza ya Bwana



Siku moja ya Mungu, huku kwetu Fizi, tulikuwa kwenye Meza ya Bwana. Sahani ya mukate ilipita benchi kwa benchi. Mutoto wa miaka 11 akanyoosha mukono. Shemasi akainua sahani, akaipitisha juu ya kichwa chake. Ibada ilipokwisha, mutoto akaningoja mulangoni, akauliza: «Pasta, mimi siko mutoto wa Mungu?»

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia: «Enda nyumbani, tutaongea siku ingine.» Juma lile mama yake akamuchukua, wakaenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya zahabu upande wa Misisi. Siku ile ingine haijafika mupaka leo.

Neno hilo lilinichoma. Nikalileta mbele ya kamati ya watoto ya parokia yetu: wazee wawili, mamá watatu, na moniteri wawili wa shule ya Jumapili. Tulifikiri tutamaliza kwa mukutano mumoja. Haikuwa hivyo.

Muzee mumoja alisema: «Meza si muchezo. Paulo anaonya katika 1 Wakorinto 11 kwamba mutu ajipime kwanza.» Ni kweli. Lakini mamá mumoja alituomba tusome sura ile tangu mustari wa 17. Tukaona kwamba Paulo alikuwa anakemea watu wazima, wale waliokula mbele na kuacha maskini na njaa. Kujipima si mutihani wa akili tu; ni kuangalia pia unamutendea ndugu yako namna gani. Tukafungua na Kutoka 12. Pale mutoto anaona karamu ya Pasaka, anauliza maana yake, na muzazi anapaswa kumujibu. Mutoto wetu aliuliza. Nani alimujibu?

Musomaji, ujue kwamba makanisa hayana kanuni moja. Hata huku kwetu, ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo, Metodisti Huru wanakubali kubatiza watoto wachanga, lakini CELPA na CEPAC wanabatiza kwa maji mengi yule aliyekiri imani mwenyewe. Wakatoliki walishusha umri wa komunyo ya kwanza kufikia karibu miaka 7 kwa amri ya Papa Pius X, mwaka wa 1910. Kanisa la Scotland lilikubali watoto waliobatizwa kwenye meza mwaka wa 1992. Kwa hiyo usimuhukumu ndugu wa kanisa lingine.

Sisi tulishika kanuni yetu: ubatizo kwanza, meza baadaye. Lakini tulivumbua kwamba kosa kubwa halikuwa kwa watoto, lilikuwa kwetu. Walijua nyimbo nyingi, walikariri mistari, lakini hakuna aliyewaelezea mukate ule ni nini. Tena, watoto wengine walirudi na wazazi kutoka kambi ya Nyarugusu, huko Tanzania, baada ya safari za kurudisha wakimbizi kuanza mwaka wa 2005. Walibatizwa kule, karti zikapotea njiani, na sisi tukawahesabu kama wapagani!

Basi, kamati ilipatana hivi:

1. Mafundisho 6 juu ya ubatizo na Meza ya Bwana, siku ya posho mangaribi, kwa sababu muchana watoto wengi wako kazini. Muzazi mumoja akae pamoja na mutoto wake.

2. Mutoto anayeweza kueleza imani yake kwa maneno yake mwenyewe, asizuiwe ubatizo kwa sababu ya umri tu.

3. Aliyepoteza karti, tutafute mashahidi wawili. Karatasi si Mwokozi.

4. Asiyebatizwa asirukwe kama benchi tupu. Aitwe mbele, awekewe mukono, aombewe kwa jina lake.

5. Mutoto anayehamia machimboni apewe barua kwa muchungaji wa kule.

Na wewe muzazi unayesoma gazeti hili kule Misisi ao Lubichako, nikuambie wazi. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumutumikisha kazi mbaya ya kuharibu afya yake. Kubeba mifuko ya mawe na kuingia shimoni ni kazi ya namna hiyo. Najua njaa inasukuma. Lakini kwenye Meza ya Bwana, mwenye shimo na yule anayebeba muchanga wanapewa kipande kilekile. Tukila hivyo siku ya Mungu, siku ya kwanza tutamubebesha mutoto mufuko namna gani?

Katika Marko 10 wanafunzi waliwakemea wale walioleta watoto, na Yesu akakasirika. Shemasi wangu alikuwa na sahani tu. Ni mimi niliyefunga mulango, kwa neno moja la haraka.

Leo mangaribi, kabla ya kulala, uliza mutoto wako: «Unafikiri mukate ule ni nini?» Umungoje ajibu. Na kama anakuuliza wewe kwanza, usimwambie siku ingine.