Kabla ya Kununua Mashine, Yajueni Maji Yenu

Maji ya Songea na maji ya Unguja yote ni maangavu katika gilasi, na yote hukata kiu. Mtu akiyatazama kwa macho tu hawezi kuyapambanua. Lakini birika lililotumika miaka mitatu chini ya milima ya Matogoro na birika lililotumika muda huo huo Makunduchi hayafanani ndani. La kwanza kwa kawaida hubaki safi. La pili huvaa ukoko mweupe, mgumu, unaobanduka vipande vipande na kuelea juu ya chai. Askari na watumishi wa idara za Muungano, ambao leo wamepangiwa Songea na kesho Chake Chake, wanaijua tofauti hii kuliko watu wengi, maana vyombo vyao vimeionja.

Tunalizungumza jambo hili kwa sababu mashine za kulainisha maji sasa zinauzwa madukani na kusifiwa kwamba zinalinda mabomba ya nyumba yoyote, popote ilipo. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Nusu nyingine yaweza kumgharimu mwananchi fedha nyingi, na Serikali zaidi, kwa kuwa Serikali hununua kwa mamia.

Chanzo cha yote ni mwamba. Mvua ikishuka huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, ikawa na ukali mdogo usiotambulika ulimini. Ikizama katika jiwe la matumbawe, ambalo ndilo ardhi ya sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Unguja, ukali huo huyeyusha chokaa na kwenda nayo kisimani. Hayo ndiyo maji magumu: maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu. Mvua hiyo hiyo ikinyesha Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, hupita juu ya miamba ya kale yenye chokaa kidogo sana, na kwa kawaida maji ya vijito vya milima ya namna hiyo huwa laini.

Wachoma chokaa wa visiwani wanaifahamu kemia hii bila kuisoma darasani. Jiwe likitiwa moto tanurini, hewa ya kaboni hutoka na chokaa hubaki. Ndani ya hita ya kuogea hutokea jambo lenye udugu na hilo: maji yakipata joto, hewa iliyoshikilia chokaa huondoka, na chokaa hugeuka tena kuwa jiwe, ikajishika kwenye koili, kwenye valvu, na ndani ya bomba la maji ya moto. Kinachoziba shawa ya nyumba ya wageni ya Paje ni ndugu wa mawe yaliyojenga kuta za Mji Mkongwe. Koili iliyovikwa jiwe hutumia umeme mwingi kwa joto dogo, kisha huungua. Mama wa nyumba naye hulipa kwa njia yake: sabuni haitoi povu mpaka imalizike nusu, na maharage hukaa jikoni hadi kuni ziishe.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye ugumu unaozidi miligramu 200 hivi kwa lita yanaweza kuweka ukoko katika mabomba na matangi, hasa yakipashwa moto. Shirika hilo hilo linaonya kwamba maji yaliyo chini ya miligramu 100 yanaweza kula mabomba. Maonyo haya mawili yafaa yasomwe pamoja. Wauzaji hulisoma la kwanza peke yake.

Sasa mashine yenyewe. Ndani yake mna chembe ndogo za plastiki maalumu zilizobeba sodiamu. Maji magumu yakipita, chembe hizo hunasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Zikishajaa, husafishwa kwa maji ya chumvi nyingi, na maji hayo ya kusafishia humwagwa. Hakuna muujiza hapo. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa katika lita moja, miligramu 46 za sodiamu huingia. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi hana budi kulijua hilo. Ndiyo maana fundi bomba mwenye busara huiacha bila kuipitisha mashineni njia iendayo kwenye bomba la jikoni, akailainisha ile iendayo kwenye hita tu.

Ndugu zetu wa visiwani tunawaomba walitazame kwa makini zaidi suala la chumvi. Katika mazungumzo ya kila siku tumezoea kuyaita maji magumu "maji ya chumvi", na maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari pia tunayaita hivyo hivyo. Ni maradhi mawili, na dawa zake ni mbili. Mashine ya kulainisha haiondoi chumvi ya bahari hata chembe. Maji yaliyoingia na ladha ya bahari yatatoka nayo. Mwenye kisima cha ufukweni anayeinunua kwa matumaini ya kunywa maji matamu amedanganyika, awe amedanganywa na muuzaji au na lugha yetu wenyewe.

Tena kuna yale maji yanayomwagwa. Katika kisiwa, maji baridi ya chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi, na jiwe la matumbawe lina matundu mengi. Chumvi inayotoka katika mashine za hoteli kumi na kuingia katika mashimo ya maji machafu haina mbali pa kwenda: itateremka kuelekea maji yale yale yanayovutwa na pampu za kijiji. Mamlaka ya Maji Zanzibar na wanaotoa vibali vya ujenzi wa hoteli wangefanya vema kuuliza, kabla ya kutia sahihi, maji hayo yatamwagwa wapi. Mji wa Unguja ulianza kupata maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kisiwa hakina mto Ruvuma wa kukimbilia chemchemi na visima vikiharibika.

Kwa nyumba ya kawaida zipo njia rahisi. Hita isipashwe kupita nyuzi 60, kwa maana ukoko huongezeka upesi juu ya hapo. Maji ya mvua yanayokingwa paani ni laini na yafaa kwa kufulia. Birika lililovaa ukoko litiwe maji ya ndimu au siki usiku kucha, na asubuhi lisuuzwe. Na anayetaka kujua hali ya maji yake achukue chupa mbili, moja ya maji ya mvua na moja ya maji ya bomba, atie katika kila moja kipande kidogo cha sabuni ya mche kilicho sawa, atikise. Isiyotoa povu, ikafanya utando kama maziwa yaliyoganda, ndiyo ngumu. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili, kwani imetengenezwa ili itoe povu hata katika maji magumu.

Hapa kwetu Songea tatizo liko upande wa pili. Maji laini ya milimani, yakiwa na ukali kidogo, hula mabomba ya chuma kutoka ndani. Ndiyo sababu ya maji mekundu asubuhi na madoa ya kutu kwenye sinki. Mashine ya kulainisha ikifungwa kwenye maji ya namna hii haina kazi ya kufanya. Itakula chumvi, itachukua nafasi ukutani, na kutu itaendelea. Dawa ni mabomba ya plastiki katika nyumba mpya, na katika mtambo wa kusafishia maji kupunguza ukali kwa kipimo cha chokaa.

Asidhani mtu kwamba maji yanayokula mabomba ni jambo dogo. Katika mji wa Flint, Marekani, wakuu walibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 bila kutia dawa ya kuzuia ulaji wa mabomba, na risasi iliyokuwa katika mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya kunywa ya watoto.

Kwa hiyo hati za zabuni za nyumba za watumishi, hospitali na shule zisinakiliwe kutoka mkoa hadi mkoa, wala kuvushwa bahari kama zilivyo. Wizara ya Maji inazo maabara za ubora wa maji mikoani. Kila hati iambatane na karatasi moja ya maabara yenye tarakimu tatu za chanzo husika: ugumu, ukali na chumvi. Mhandisi akiwa nazo mezani ataamua mara moja kama anahitaji mashine, bomba la plastiki, au tangi la maji ya mvua.