Kutoga, Kutoja na Kuchanja katika Nchi ya Usukuma

Katika Kiswahili, kazi ya kutia tundu au alama katika ngozi ya mtu haina jina moja. Kutoga ni kutoboa sikio au pua ili kutia pambo. Kutoja ni kukata ngozi kwa ajili ya urembo, na alama ya kabila huitwa nembo. Kuumika ni kutoa damu kwa chuku. Kuchanja ni kukata kwa wembe, na alama ibakiyo ni chale. Twayataja haya kwanza, maana mwalimu aonaye jeraha jipya katika mwili wa mtoto hawezi kuhukumu sawasawa asipojua ni kazi ipi iliyofanywa, na kwa kusudi gani.

Tangu Shinyanga hata Geita, chale ni dawa zaidi kuliko pambo. Mganga, ambaye Wasukuma humwita nfumu, hukata ngozi kidogo, kisha husugua dawa, yaani bugota, ipate kuingia katika damu. Bayeye, wale wachezao na nyoka, huchanjwa ili sumu isiwadhuru. Wako pia wachimba dhahabu waendao kwa mganga kutafuta bahati. Na mtoto mchanga huchanjwa apate kinga, hali yeye mwenyewe hawezi kusema ndiyo wala siyo.

Yafaa tukumbuke ya kuwa neno chanjo latumika pia kwa dawa ya hospitali. Zamani kinga ya ndui ilitiwa kwa kukwaruza ngozi ya mkono, nayo ikafaulu hata mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Basi mzazi akisema, “Mtoto wangu amekwisha chanjwa,” tusifanye haraka kumcheka wala kumsadiki, na tumwulize, “Amechanjwa wapi, na kwa nini?” Kwa maana chale haizuii surua wala pepopunda. Tena wembe uliotumika kwa watu wawili waweza kuchukua virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Damu ikikauka juu ya wembe, hatari haijakauka.

Je, sheria yasemaje? Nayo hutenga kazi na kazi, kama lugha itengavyo. Amri ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza uchawi, wala haikukataza kila dawa ya miti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka Baraza la kuandikisha waganga na kuwasimamia. Januari 2015, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku waganga wapigao ramli. Lakini tiba ya asili yenyewe haikufutwa. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, yakataza kumtendea mtoto ukatili, pamoja na mila yo yote idhuruyo mwili wake au akili yake. Mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1969 yakataza kumchora mwenye umri huo alama za wino katika ngozi, hata akitaka mwenyewe.

Wala si wembe peke yake uidhuruo ngozi. Wachimbaji wa Geita huijua zebaki, maana huitumia kukamata dhahabu. Zebaki hiyo hiyo imeonekana katika baadhi ya sabuni na mafuta ya kujichubua, nayo huharibu figo. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania.

Lakini sheria ya Dodoma haifiki upesi penye moto wa jikoni, usiku, mganga anapoitwa. Hapo wenye kufika ni majirani, mwalimu na halmashauri ya kijiji, ambayo yaweza kupendekeza sheria ndogo na kuipeleka wilayani ipate kibali. Kwa maoni yetu, kukataza chale zote kwa neno moja kungewafanya wazazi wafiche watoto wao, na aliyefichwa hatibiwi jeraha likioza. Heri tuulize mambo matatu: Wembe ulikuwa mpya? Mwenye ngozi ni mtu mzima aliyekubali mwenyewe? Na mgonjwa amepelekwa zahanati? Mtu mzima akijibu vema yote matatu, mila yake na iachwe. Mtoto akiwa ndiye aliyekatwa, swali la pili limekwisha kujibiwa na sheria, na kumtetea ni wajibu wetu.